Urefu wa Risasi za Baba Mkwe

Niliujua urefu wa risasi za baba mkwe wangu mpaka sehemu ndogo kabisa za milimita kabla sijaujua uso wake. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa, na katika miaka yote niliyoishi kwenye ile nyumba ya Mbeya hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mgeni.

Kwetu ni Mafinga. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na kwa wapasua mbao kitu kikizidi nusu inchi watu husema kimetoka vizuri. Labda ndiyo sababu nilikimbilia cherehani. Nilitaka kazi ambayo kitu kikizidi, kimezidi. Nilijifunza kushona Iringa mjini kwa fundi mmoja, mama mkali, aliyeweza kufumua suruali nzima mbele ya mwenyewe kwa sababu pindo la mguu mmoja limelipita la mwingine kwa unene wa uzi. Nilimpenda sana yule mama. Nilipoolewa nilihamia Mbeya na cherehani yangu, mkasi wangu, chaki zangu, na hasira zake zote.

Mume wangu ni Mnyakyusa na kazi yake ni kuongoza wageni wanaokuja kuwinda, kule porini mbele ya Chunya. Mgeni ndiye mwenye haki ya kupiga risasi ya kwanza. Akikosa, au akijeruhi tu, nyati akageuka, risasi ya pili ni ya mume wangu. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, risasi ya pili. Siku nyingi za msimu haihitajiki, anarudi nyumbani na vumbi na hadithi. Lakini ikihitajika, inahitajika mara moja, na haina muda wa kusubiri mtu akune kichwa.

Sasa niseme kuhusu ile desturi. Kwetu Uhehe mke wa mtoto humsalimu baba mkwe wake kwa kuinama, kamwene, naye anaitikia, maisha yanaendelea. Kwao, mkamwana, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto, haonani na baba mkwe. Akipita njia hii, mimi napita ile. Akikaa uani, mimi niko jikoni. Sauti yangu isimfikie, na kivuli changu kisimkute. Siku hizi familia nyingi za mjini zimeacha, utawakuta mkwe na mkamwana kwenye kochi moja wanaangalia taarifa ya habari. Ya kwetu haikuacha, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa mtu wa vipimo. Mume wangu aliponieleza alisema ni heshima kubwa. Nilimjibu kwamba heshima ya namna hiyo kwetu tunaiita ugomvi.

Baba mkwe alikuwa fundi bunduki wa kampuni ile ile. Alipostaafu, kampuni ilimwachia kazi mbili azifanyie nyumbani. Ya kwanza ilikuwa redio ya mawasiliano, ile ya kuongea na kambi na magari yaliyoko porini ambako simu haishiki. Ya pili ilikuwa kutengeneza kwa mkono risasi za bunduki moja nzito ya zamani, ambayo risasi zake siku hizi kuzipata dukani ni bahati. Kibali cha kazi hiyo kilibandikwa ukutani chumbani kwake, na afisa aliyekuja kukikagua alikunywa chai, akakisoma tena, akaenda zake. Bunduki yenyewe ndiyo aliyokuwa akiibeba mume wangu. Kwa hiyo baba alimtengenezea mwanawe ile risasi ya pili, na kati ya baba na mwana, kwa namna nitakayoeleza, nikawekwa mimi.

Risasi nzima ina sehemu chache tu. Kuna ganda la shaba, ndani yake baruti, chini yake kiwashio, na juu kichwa, yaani kile kinachokwenda. Kichwa hushindiliwa mdomoni mwa ganda kwa mashine ndogo yenye mkono wa chuma iliyofungwa kwenye benchi. Kazi yote iko hapo, kwenye kuamua kichwa kizame kiasi gani. Kikizama sana, nafasi ya baruti inapungua, nguvu inapanda kupita kiasi, ganda linavimba na kung'ang'ania, na komeo la bunduki halifunguki upesi. Kikizama kidogo, risasi inakuwa ndefu, kichwa kinajikita kwenye mifereji iliyo ndani ya mtutu, na komeo halifungi, au linafunga kwa kulazimishwa. Ukitaka kuitoa risasi kama hiyo bila kuipiga, ganda linatoka peke yake, kichwa kinabaki mtutuni, baruti inamwagika yote ndani ya bunduki. Hapo umebeba rungu. Nyati hajali umebeba nini.

Haya yote nilielezwa na mume wangu. Baba mkwe alikuwa ametuma maelezo yake kwa njia sahihi, yaani kupitia kwa mama mkwe, naye alinifikishia hivi: "Baba anasema kisiguse." Nikauliza kisiguse nini. Akatabasamu, akasema baba anajua.

Awali mama mkwe ndiye alikuwa mpimaji. Kule kambini, baba alisema, kazi ya kupima ilikuwa ya watu wawili siku zote, mmoja anashindilia, mwingine anapima, kwa sababu mkono uliofanya kazi hauoni kosa lake. Lakini mama hakuwa na moyo wa kupima. Alikuwa akiibana risasi kwenye vernia, ile rula ya chuma yenye taya, anaitazama kwa upendo, halafu anasema iko sawa. Zote zilikuwa sawa. Mume wangu alipoona hivyo akasema nyumbani kuna mtu anayefumua pindo la shuka za wageni kwa sababu limekwenda upande, kwa nini asipewe vernia. Wazee wakajadiliana kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mpaka leo naielewa inapohusu chakula tu, na ikapitishwa.

Mpango ulikuwa huu. Nyumba ya uani ilikuwa na vyumba viwili vyenye ukuta mnene katikati, kila kimoja na mlango wake kwenye baraza. Baba chumba kimoja na mashine yake na redio yake. Mimi kingine na cherehani yangu. Mama alikaa barazani kati ya milango miwili, anamenya ndizi, na alikuwa anawaona wote wawili sisi tusioonana. Baba akishindilia kiasi, aliweka kwenye sinia, mama akanyanyuka akaniletea. Nikapima. Zilizo sawa nikazipanga kwenye boksi. Zilizokosea nilizipiga mstari wa chaki ya bluu, ile ninayochoria vitambaa, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na mama alipaswa kulipeleka kopo kwa baba ili azifumue. Neno lake ni jingine, lakini ni kufumua tu.

Nikiri kwamba niliipenda kazi ile. Ncha ya kichwa ni laini, ikigongwa inabonyea, kwa hiyo ukipima kutoka ncha unapimia uongo. Baba alikuwa amechonga pete ya chuma yenye tundu, unaivalisha kichwa mpaka ikae begani mwake, kisha unapima kutoka kitako cha ganda mpaka kwenye pete. Kipimo chenyewe alikipata kwa masizi. Alichukua ganda tupu, akalitia kichwa kwa kulegea, akakifukiza moshi wa mshumaa mpaka kikawa cheusi, akakisukuma taratibu kwenye chemba ya bunduki ile, pale risasi inapokaa, akakitoa na kuangalia mifereji imekwangua wapi. Pale ndipo mwisho, mahali kisipotakiwa kugusa. Akarudi nyuma kidogo, unene wa karatasi chache, na hicho kikawa kipimo cha nyumba. Mtu anayefanya hivyo sikuhitaji kuuona uso wake ili nimheshimu. Fundi wangu wa Iringa angekubali kuolewa naye.

Na nilimfahamu, msidhani sikumfahamu. Asubuhi alizoamka mgongo ukimuuma, vichwa vilizama kidogo zaidi, kwa sababu aliuegemea mkono wa mashine. Alipogombana na mwanawe kuhusu kuuza shamba la Tukuyu, sinia nzima ilikuja imepishana kama meno. Siku alizokuwa na furaha zilikuja zote urefu mmoja, sinia baada ya sinia, mpaka nilijikuta natabasamu peke yangu na vernia mkononi. Kuna wanawake wanaokaa na baba mkwe sebuleni mwaka mzima wasijue habari zake kiasi hicho.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, vipimo vilianza kwenda vibaya. Mwanzoni nikadhani mgongo. Lakini mgongo huzamisha, na hizi zilikuwa ndefu. Nikaanza kuangalia. Siku za jua, mchana, mlango wake ukiwa wazi, risasi zilitoka vizuri. Siku za ukungu, na Mbeya ukungu hauna aibu, hukaa mpaka saa sita, zilitoka ndefu, fupi, ndefu. Mashine ile ina skrubu inayoamua kichwa kizame wapi, na kwenye skrubu kuna mstari mwembamba ambao fundi huufuata kwa jicho. Mkono wake haukuwa na tatizo. Mtu mwenye mkono mbaya haponywi na jua. Nilijua kwamba macho ya baba yanakwisha, nilijua kabla ya mkewe na kabla ya mwanawe, na nilijua kwa vernia.

Niliogopa. Nilimwambia mama siku ile ile, kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa, kwamba hizi ni ndefu, na jana zilikuwa ndefu, na nadhani baba haoni vizuri. Mama akasikiliza kwa makini sana, ameinamisha kichwa, kisu kimetulia juu ya ndizi. Akanyanyuka akaenda mlangoni kwa baba. Wakaongea. Nikamsikia baba anacheka kidogo. Mama akarudi, akasema baba amesikia, na anashukuru.

Basi nikatulia. Kopo likajaa, mama akalichukua, kopo likarudi tupu. Likajaa tena, akalichukua tena. Nilidhani baba anazifumua na kuzirudisha sinia moja na nyingine, maana ganda halina jina, huwezi kulijua kwamba lilishapita. Mume wangu naye sikumweleza mengi, nilisema tu amshauri mzee aende akapimwe macho. Akasema mzee ameshasema macho yake hayana shida. Amesema kwa nani? Kwa mama.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema kuliko wote niliowahi kukutana nao, na kwa sababu ya wema huo nusura niwe mjane.

Ijumaa moja ya msimu mume wangu aliondoka alfajiri kwenda porini na mgeni, na risasi za baba mfukoni na nyingine kwenye boksi. Alipotaka kuondoka nilimuuliza kama amezijaribu kwenye chemba moja moja, akaniangalia kama nimemuuliza kama amempima mama yake homa kabla ya kumsalimu. Kukagua risasi za baba yake lingekuwa tusi. Na tena, alisema, si zimepita kwako.

Jumapili nyumba nzima ilikwenda kanisani. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia kabla ya ibada ya pili. Baba alibaki kwa sababu, kama mama alivyosema, mgongo. Nilikuwa natafuta pa kuweka vifungo, nikalifungua lile kopo la maziwa ya unga, likawa tupu. Alhamisi nilikuwa nimelijaza mpaka mfuniko ukagoma, na tangu Alhamisi sikuwa nimesikia mashine ya baba ikilia hata mara moja. Risasi hazifumuki kwa maombi.

Mezani kwangu kulikuwa na boksi la zile zilizosalia, zilizo sawa, kwa safari inayofuata. Nikalivuta. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa sawa. Ya pili, nilipoigeuza kuelekea mlangoni, niliona bluu. Kidogo sana, imebaki kwenye ule mfereji mwembamba wa kitako cha ganda, mahali kitambaa hakifiki. Nikaivalisha pete, nikaipima, ilikuwa ndefu. Iliyofuata ilikuwa na bluu. Nikakumbuka mama, Alhamisi jioni, amekaa barazani na upande wa kitenge chake, anafuta risasi moja moja, anaimba, na mimi nikawaza jinsi alivyo msafi.

Hakuwa amemwambia chochote. Tangu mvua zianze, alikuwa akinyanyuka na maneno yangu, anatembea hatua zile za baraza, na akifika mlangoni kwa mumewe maneno yameshageuka salamu. Kwake yeye, kumpelekea mtu mzima kopo la makosa yake, tena yaliyoonwa na mkamwana, lilikuwa jambo lisilofanyika. Risasi zenyewe zilikuwa zimefanana. Akazifuta, akazirudisha pamoja na zile nzuri. Sidhani hata alilala vibaya.

Nilipiga simu ya mume wangu, nikaambiwa na yule dada wa kwenye simu kwamba haipatikani. Nikapiga ofisini kwa kampuni, ikaita mpaka ikachoka, Jumapili. Kanisani mama huzima simu yake na kuiviringisha kwenye leso. Nilisimama barazani. Redio ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na aliyejua kuitumia alikuwa amekaa mbele yake. Niliita kwanza, nikiwa nje, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuitumia kwenye nyumba ile: hodi, hodi. Hakuitika. Nafikiri hakuamini kwamba sauti ile inamhusu. Nikaingia.

Alikuwa mzee mdogo. Sijui kwa nini nilitarajia jitu. Alivaa sweta la kijani lililofumuka kwenye kiwiko, na miguu yake haikufika chini vizuri kutoka kwenye stuli. Akageuza uso kuelekea mlangoni, na katika macho yote mawili mlikuwa na ukungu mweupe, hata mtoto angeuona, ila hakuna aliyekuwa akiyatazama. Akauliza ni nani.

"Ni mimi, mkamwana wako," nilisema.

Akageukia ukuta. Aligeuka na stuli yake, upesi kuliko nilivyodhani mzee anaweza, akaweka mkono kando ya uso. Hata kama haoni, mimi nilikuwa namwona, na hilo nalo limo kwenye desturi. Nilipiga magoti kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa kwetu, nikauambia mgongo wake.

"Baba, risasi alizoondoka nazo mwanao ni ndefu. Si zote, ila nyingi. Nilizitoa, mama akazirudisha. Macho yako yameharibika, baba. Nimejua tangu mvua zianze."

Akauliza ndefu kiasi gani, nikamtajia. Hakuuliza mara ya pili. Alinyoosha mkono bila kutafuta, akawasha redio, akashika kile cha kuongelea, na akaita. Kuna namna wanavyoita, gari hili, gari lile, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.

"Nisikilizeni nyote mlioko hewani. Huyu ni fundi, Mbeya. Risasi za bunduki nzito nilizotoa wiki hii zisitumike. Ni ndefu. Macho yangu hayaoni. Narudia, macho yangu hayaoni."

Redio ikakwaruza. Sauti ya dereva mmoja, sijui wa kambi gani, ikasema, fundi, hujasikika vizuri, rudia hapo mwisho. Akarudia hapo mwisho. Kambi nyingine nayo ikaomba. Wale wote walikuwa vijana aliowafundisha kusafisha mtutu, na wapagazi, na wapishi wanaokaa karibu na redio kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Alisema mara kadhaa kwamba haoni, kwa maneno yale yale, na hakuteremsha sauti. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake nikilia, na nilikuwa nimekasirika pia, sijui na nani hasa.

Ndipo mume wangu akaingia hewani. Alisema wako kwenye nyayo, nyati wameingia kichakani hapo mbele, na alikuwa ameshaitia bunduki risasi asubuhi. Komeo lilifunga kwa shida kidogo. Alidhani ni vumbi.

"Usilifungue hapo," baba alisema. "Mrudishe mgeni kwenye gari. Rudini kambini, mtutu ukiwa mbali na watu. Mkifika ndipo uvute komeo, uniambie."

Mume wangu akasema amesikia. Hakuuliza neno. Redio ikabaki inakwaruza, na sisi tukabaki.

Sikujua kama niondoke. Sikuwa na pa kwenda ambapo ningeisikia redio ile. Kwa hiyo niliendelea kupiga magoti, naye akaendelea kuutazama ukuta asiouona. Kwenye benchi kulikuwa na sinia la risasi alizoshindilia Alhamisi asubuhi ambazo hazikuwahi kuletwa kwangu. Alikuwa amezipanga vizuri sana, kwa kugusa, zimesimama mistari.

Mwisho akauliza, akiuambia ukuta, kama niliwahi kusema. Nilimwambia nilisema. Kwa nani? Kwa mama. Nilimwambia hata ile siku aliyocheka, nilikuwa nimetuma kwamba ni ndefu na kwamba haoni. Akafikiri.

"Siku ile aliniambia mkamwana anasema mikono yangu haijazeeka," alisema.

Redio ikaita. Alikuwa mume wangu, kutoka kambini. Alisema amevuta komeo, ganda limetoka peke yake. Kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Baruti imemwagika yote.

"Vizuri," baba alisema. "Weka bunduki hiyo chini. Tumia nyingine." Akazima kile cha kuongelea, na mkono wake ukabaki juu yake. Nilimwona bega likishuka, bega moja tu, la upande wa redio. Mwanawe alikuwa mzima. Mume wangu alikuwa mzima. Nilitaka kumshika yule mzee, na huo ndio ukweli, lakini kwetu pia hilo halifanyiki.

Baada ya muda alisema, taratibu, bado ameupa ukuta uso wake:

"Tangu nimuoe, mama yenu hajawahi kuniletea habari mbaya hata moja. Mimi nilidhani ni kazi yangu nzuri."

Nilinyanyuka, nikaenda chumbani kwangu nikachukua vernia na pete, nikarudi. Nikakaa chini karibu na benchi, nikalivuta lile sinia, nikaanza kupima, na kila niliyoipima nikamtajia kwa sauti. Hii ndefu, baba. Hii ndefu. Hii iko sawa. Hii fupi. Hii ndefu. Kila nilipotaja aliitikia kwa kichwa, na kila mara alisema asante.